Tulipotaka kujua madaktari wa usingizi wanafikiri vipi

Kazi ya kutunga upimaji mpya wa idara ilinifikia kwa sababu wenzangu wote walikuwa na udhuru. Madaktari waliokuwa wakisomea ubingwa wa usingizi na ganzi walikuwa wakifaulu karatasi za maswali ya kuchagua muhula baada ya muhula, lakini ndani ya thieta walimu walinong'onezana kwamba baadhi yao hawaachiki peke yao. Na wengine, wenye alama za katikati tu, ndio tuliokuwa tukiwakabidhi wagonjwa wagumu bila wasiwasi. Karatasi ilisema hivi, thieta ikasema vile. Nikaambiwa nitafute namna ya kupima kile kilichojificha katikati: jinsi daktari anavyofikiri mgonjwa anapobadilika mbele yake.

Naandika kwa yeyote atakayekabidhiwa mzigo huu huu. Huenda nikampunguzia mikesha kadhaa na ugomvi mmoja au miwili na wenzake.

Nianze na ugumu wenyewe, maana hata baadhi ya madaktari hudhani kazi yetu ni kumlaza mgonjwa kisha kukaa kitini. Daktari wa kliniki ana mgonjwa anayezungumza. Anamuuliza, anasubiri vipimo, anaweza hata kumwambia arudi wiki ijayo. Mgonjwa wetu amelala. Hasemi kifua kinambana, hasemi anawashwa. Tulicho nacho ni namba na mistari kwenye skrini, rangi ya ngozi, mkono juu ya puto la mashine, na sauti ya mfyonzo upande wa pili wa pazia. Halafu muda haupo. Oksijeni ikishuka, tiba inaanza kabla ugonjwa haujajulikana, na mwitikio wa mgonjwa kwa tiba hiyo ndio unaokuwa kipimo cha kwanza. Anayetaka kupima fikra za namna hiyo kwa swali lenye jibu A hadi E ana kazi.

Chukua kesi hii ambayo tuliitumia sana baadaye. Mgonjwa anafanyiwa laparoskopi, yaani upasuaji wa tumbo kwa kamera kupitia matundu madogo; tumbo limeshajazwa gesi ya kaboni dayoksaidi, kitanda kimeinamishwa upande wa kichwa. Dakika chache baadaye oksijeni kwenye damu inashuka kutoka asilimia 98 hadi 91, na mashine inaonyesha kwamba inatumia nguvu zaidi kusukuma hewa. Huenda mrija wa hewa umezama ukaingia pafu la kulia peke yake, kwa kuwa gesi ya tumboni huisukuma diaframu juu na mapafu yakasogea nayo. Huenda njia za hewa zimebana. Huenda hewa imevuja ikajikusanya nje ya pafu. Huenda kohozi limeziba mrija, au kuna mtu ameuegemea ukakunjika. Huenda ni mzio mkali wa dawa, na hapo anayesubiri kuona vipele amechelewa: uchunguzi wa kitaifa wa Uingereza uliotolewa 2018 kuhusu mzio mkali wakati wa upasuaji ulikuta kwamba dalili iliyotangulia mara nyingi zaidi ni presha kushuka, na kwamba antibayotiki ndizo zilizoongoza kwa kuuleta.

Karatasi ya maswali ya kuchagua inamwekea mwanafunzi sababu hizo zote mezani, yeye achague moja. Kwa kuziorodhesha tu imeshamfanyia nusu ya kazi. Kwenye thieta hakuna anayekuorodheshea. Aliyefaulu karatasi anajua sababu za oksijeni kushuka; bado hatujui zitamjia kwa mpangilio gani, ataanza kuichunguza ipi, na atakubali lini kwamba ya kwanza si yenyewe. George Miller, mtaalamu wa elimu ya tiba, alilichora jambo hili mwaka 1990 katika piramidi yake ya ngazi nne: kujua, kujua namna, kuonyesha namna, na kutenda. Sisi tulikuwa tumepiga kambi ngazi ya chini tukitarajia kuona ya juu.

Tulianza na mtihani wa mdomo, kwa kuwa ndio wa jadi katika fani yetu na mabodi makubwa duniani bado yanautumia. Wa kwetu ulikuwa wa mazoea: mabingwa wawili, mwanafunzi mmoja, na kila bingwa na kesi aipendayo. Mwenzangu mmoja, daktari hodari kweli kweli, alishikilia kwamba yeye mwanafunzi mzuri humjua akimwona anaingia mlangoni. Tulipokusanya alama za watahini tukakuta mtahiniwa mmoja amepewa alama ya kumfelisha na bingwa mmoja, na alama ya juu kabisa na mwingine, katika chumba kile kile, kwa majibu yale yale.

Tulipochimba tukakuta mambo mawili. La kwanza ni ulimi. Anayejibu haraka, kwa sauti ya kujiamini na kwa mafungu yaliyonyooka, alipata alama za kufikiri hata pale alipokuwa anakariri. Aliyesema "ngoja kwanza, hapo sina hakika, ningependa kujua mstari wa kaboni dayoksaidi unaonekanaje" alikatwa alama kwa kusitasita, ilhali swali lake ndilo lililokuwa la kitaalamu zaidi siku ile. La pili ni kudokeza. Mtahini mpole, mwanafunzi akienda kombo, humuuliza "una hakika?" kwa sauti inayomrudisha njiani. Mtahini mkali hukaa kimya. Mitihani miwili tofauti, karatasi moja ya alama.

Dawa yake inajulikana, na inachosha. Andikeni kesi nzima kabla: taarifa ipi itolewe lini, swali gani liulizwe kwa maneno yapi, na akikwama adokezwe nini na mara ngapi. Kila mtahini aandike alama zake kabla ya kumgeukia mwenzake. Kabla ya siku ya mtihani, kaeni pamoja mtazame video moja ya mtahiniwa wa kuigiza, kila mtu atoe alama peke yake, kisha mzifungue mbele ya wote. Kikao hicho hakina raha. Kwetu kuna aliyeondoka amenuna. Lakini baada ya vikao vichache pengo kati ya wakali na wapole lilipungua, na watu wakaanza kubishana kuhusu majibu badala ya kubishana kuhusu watu.

Kuna kitu kingine ambacho mtihani wa mdomo haukuweza kutupa hata tulipounyoosha. Mtafiti Arthur Elstein na wenzake walionyesha mwaka 1978 kwamba daktari anayetatua vizuri kesi moja hana uhakika wa kutatua vizuri nyingine; umahiri unakwenda na kesi. Hakuna kipaji cha jumla cha kufikiri ambacho ukikipima kwa kesi ya moyo kitakuambia lolote la uhakika kuhusu njia ngumu ya hewa. Kwa hiyo kesi mbili ndefu za nusu saa, ambazo ndizo tulizokuwa tukizitegemea, zilitupa picha ya kesi mbili basi. Kama muda ni ule ule, kesi nyingi fupi zinaishinda ndefu moja. Ukibakia na jambo moja tu katika haya yote, libaki hilo.

Kutafuta kesi nyingi fupi ndiko kulikotupeleka kwenye mtihani wa ulinganifu wa skripti. Ulibuniwa na Bernard Charlin na wenzake huko Montreal, na msingi wake ni kwamba daktari mzoefu kichwani mwake ana skripti, yaani vifungu vya maarifa vilivyofungwa pamoja: dalili hizi, mgonjwa wa aina hii, huwa inakuwa hivi. Taarifa mpya ikija, skripti moja inapata nguvu na nyingine inafifia. Mtihani unapima kule kupata nguvu na kufifia. Unampa mtahiniwa kesi isiyokamilika, dhana, kisha taarifa mpya, na unamuuliza dhana ile sasa imekuwaje, kuanzia -2, yaani imedhoofika sana, kupitia 0, haikubadilika, hadi +2, imeimarika sana.

Kesi yetu ya laparoskopi ilikuwa hivi: unadhani mrija umezama pafu la kulia, unasikiliza kifua, sauti za hewa ni sawa pande zote mbili, dhana yako sasa? Mtu wa kawaida atasema imekufa, -2. Tulipowapa mabingwa kumi, watano walichagua -1, watatu -2, wawili 0. Mmoja wa wale wa 0 alinieleza kwamba stetoskopu imeshamdanganya mara nyingi, sauti za pafu moja husikika upande wa pili, na yeye haachi dhana hiyo mpaka aangalie mrija umeingia sentimita ngapi mdomoni. Hakukosea. Na wale wa -2 nao hawakukosea kitu kikubwa. Mtihani huu unaruhusu hilo: jibu lililochaguliwa na wengi linapata alama 1, mengine yanapata kwa uwiano. Kwa hiyo hapa -1 ni alama 1, -2 ni tatu ya tano, yaani 0.6, na 0 ni mbili ya tano, 0.4. Aliyejibu +1 hapati kitu.

Nilivutiwa sana. Hatimaye tulikuwa na mtihani unaokiri kwamba mabingwa hawakubaliani. Ila kabla hujauchukua mzima mzima, zijue tabia zake.

Jopo ni kazi nzito kuliko maswali. Unahitaji mabingwa wasiopungua kumi, na kwa mtihani wa kumpandisha au kumwangusha mtu ni vizuri wakaribie ishirini, kila mmoja akijibu peke yake, bila kuulizana. Wetu walikubali kwa moyo mkunjufu kisha wakapotea. Nilijifunza kuwafuata na karatasi kwenye chumba cha kubadilishia nguo, kati ya mgonjwa na mgonjwa. Ujumbe wa simu hawaujibu.

Angalia jopo limetawanyikaje katika kila swali. Wote wakikubaliana, hilo si swali la kufikiri tena, ni swali la kujua. Lipeleke kwenye karatasi nyingine. Nusu wakisema +2 na nusu -2, usijidanganye kwamba umepata utajiri wa mawazo. Mara nyingi swali lina kasoro: kila nusu imesoma mgonjwa tofauti. Kuna swali letu la presha kushuka baada ya ganzi ya uti wa mgongo ambalo liligawanya jopo hivyo, na tulipowauliza tukagundua hatukuandika ganzi imepanda mpaka wapi. Waliodhani imeishia kitovuni walikuwa kwenye mjadala mmoja, waliodhani imefika kwenye chuchu walikuwa kwenye mwingine.

Na lipo la kuudhi zaidi. Mwanafunzi mjanja akikwepa ncha zote mbili, akijibu -1, 0 na +1 tu, anavuna alama za kutosha bila kufikiri. Watafiti wamekwisha kuulalamikia mtihani huu kwa sababu hiyo na nyingine, na wana haki. Mabingwa wenyewe huzichagua ncha bila woga pale taarifa inapostahili: mstari wa kapnografia, yaani wa kaboni dayoksaidi anayoitoa mgonjwa kwa pumzi, ukilala bapa kabisa mara baada ya kuingiza mrija, hakuna -1 hapo, mrija umekwenda pasipo pake mpaka uthibitishe vinginevyo. Kwa hiyo hakikisha seti yako ina maswali ya kutosha ambayo jibu lake la haki liko kwenye ncha. Nasi hatukuyatumia matokeo haya peke yake kumwamulia mtu hatima.

Usiri nao. Maswali yalitoka kwa kundi la kwanza na kufika kwa kundi la pili kwa WhatsApp kabla ya chai. Siwalaumu wanafunzi, nasi tungefanya hivyo. Waite wote kwa wakati mmoja, au uwe na akiba ya maswali kiasi kwamba kuvuja kwa machache hakukusumbui.

Pamoja na kasoro hizo, faida kubwa ya mtihani ule ilikuja mahali ambapo sikuitarajia: kwenye kikao cha baadaye, pale mwanafunzi alipoonyeshwa alichojibu, jopo lilivyojibu, na maelezo mafupi ya bingwa aliyetofautiana na wengi. Wanafunzi walikaa saa nzima kupita muda. Hawakuwahi kuwaona walimu wao wakitofautiana hadharani. Mmoja aliniambia alikuwa akidhani kila bingwa ana jibu, na yeye ndiye pekee anayebahatisha.

Simulesheni, yaani kuigiza tukio la thieta kwa sanamu la mafunzo mahali pa mgonjwa, nitaipitia haraka, si kwa kuwa haina maana, bali inajulikana zaidi na ni ghali kwa watu na kwa muda. Ina kitu kimoja ambacho karatasi haiwezi kukuonyesha: mtu aking'ang'ania njia iliyoshindwa. Kila anayefanya kazi hii amesikia habari ya Elaine Bromiley, mama aliyelazwa usingizini Uingereza mwaka 2005 kwa upasuaji wa kawaida uliopangwa. Njia ya hewa ikagoma, na madaktari wazoefu wakaendelea kujaribu kuingiza mrija huku oksijeni ikiwa chini mno kwa muda mrefu. Wauguzi walikuwa wameshaleta seti ya kutoboa koo. Haikutumika, na siku kadhaa baadaye akafariki. Mume wake, Martin, rubani wa ndege, alianzisha mwaka 2007 kikundi cha kusukuma elimu ya jinsi tabia na mawasiliano ya watu yanavyoathiri usalama wa tiba. Wale madaktari wangeulizwa kwa maandishi hatua za njia ngumu ya hewa wangezitaja. Mwongozo wa 2015 wa Difficult Airway Society, chama cha Uingereza cha njia ngumu ya hewa, uliziweka wazi: majaribio yasizidi matatu, na la nne ni kwa mwenye uzoefu zaidi tu. Ila kuzijua hatua na kuiachia ya kwanza ukiwa umeinama juu ya mdomo wa mgonjwa ni vitu viwili.

Kwa hiyo tulitumia sanamu kwa kesi za aina hiyo tu, na tukatazama kwa kigezo cha ANTS, cha kupima stadi zisizo za kiufundi za madaktari wa usingizi, kilichotungwa Aberdeen, Scotland, chenye mafungu manne: kupanga kazi, kufanya kazi na timu, kuifahamu hali, na kuamua. Alama zake ni 1 hadi 4, na kuna nafasi ya kuandika "haikuonekana". Itumieni nafasi hiyo bila aibu. Watahini wana tabia ya kujaza kila mstari hata walichokuwa hawakukiona.

Usimlazimishe mtahiniwa kusema kwa sauti kila anachowaza wakati kesi inaendelea. Tuliona waliozoea kufanya kazi kimya wakijikanyaga kwa kujisimulia, na wasemaji wakipata nafasi ya kutamba. Acha afanye, kisha rudisha video na umsimamishe sehemu moja au mbili: hapa uliona nini? Majibu hapo yanashangaza. Yupo aliyetoa adrenalini kwa wakati sahihi kabisa katika kesi ya mzio mkali. Nilipomuuliza akasema, "Presha ilikuwa imeshuka sana, na adrenalini huwa inapandisha." Mkono ulikuwa sahihi, sababu ilikuwa ya kubahatisha; presha hiyo hiyo ikishuka kwa sababu nyingine itamwumbua.

Na hapa ndipo nilipofikia kile ambacho sasa nakiamini kuliko vyote vilivyotangulia: mazungumzo mafupi juu ya mgonjwa halisi, siku hiyo hiyo, mtu akiwa bado na fomu ya usingizi mkononi. Wengine huyaita majadiliano ya kesi na yana fomu zake. Fomu si muhimu sana. Kilicho muhimu ni swali. Nakumbuka mazungumzo na daktari wa mwaka wa pili, mgonjwa wake akiwa salama chumba cha kuzindukia.

"Mapigo yalipanda mpaka 118. Ulifikiri nini?"

"Nilifikiri anahisi maumivu, Dokta. Nikaongeza fentanili."

"Kulikuwa na dhana nyingine kabla ya fentanili?"

Akanyamaza kidogo. "Damu. Lakini presha ilikuwa 110."

"Kitu gani kingekufanya uiache dhana ya maumivu?"

Hapo akafikiri kweli. Alitazama fomu, akaweka kidole kwenye safu ya mapigo. "Kama fentanili isingefanya kitu ndani ya dakika tano. Na ningeangalia chupa ya mfyonzo, na vile vitambaa."

"Ukaangalia?"

"Hapana. Mpasuaji ndiye aliyesema tumepoteza damu nyingi."

Swali lile la tatu, kitu gani kingekufanya uache dhana yako, linanionyesha mengi kuliko seti nzima ya karatasi. Anayekariri hana jibu la hilo, kwa sababu vitabu vinaeleza jinsi ya kufika kwenye dhana, si jinsi ya kuiacha. Anayefikiri hujibu, hata kama jibu linamwumiza, kama lilivyomwumiza huyu. Nilimpa alama nzuri, na mwenzangu alinishangaa kwa sababu mgonjwa alikuwa amechelewa kupata damu. Tulibishana. Bado naona nilikuwa sahihi: kesho yake daktari yule alikuwa anachungulia chupa ya mfyonzo kila mara, na angekatwa alama angejifunza jambo moja tu, kuniambia kwamba aliangalia.

Hatari yenyewe ndiyo hiyo, na idara nyingi zinaikanyaga. Mwanafunzi akijua kila mazungumzo yanaingia kwenye faili, anaacha kukueleza alichofikiri na anaanza kukueleza alichopaswa kufikiri. Tuligawa mambo mawili waziwazi. Mazungumzo ya kila siku ni ya kufundishia, yanaandikwa kwa ufupi, hayamfelishi mtu peke yake. Uamuzi wa kumpandisha ngazi unafanywa na kamati, mara chache kwa mwaka, kwa kuweka pamoja mazungumzo mengi kutoka kwa walimu tofauti, matokeo ya skripti, mtihani wa mdomo na sanamu. Mwalimu mmoja aliyekasirishwa siku moja hawezi tena kumzamisha mtu, na mwalimu mmoja rafiki hawezi kumbeba.

Kwenye kamati tuliacha kuuliza "amefaulu?" tukachukua njia ya Olle ten Cate, mtafiti wa elimu ya tiba wa Utrecht, Uholanzi, ambaye tangu 2005 anasisitiza swali la kuaminiwa: kazi hii tumwachie kwa kiwango gani? Aangalie tu, afanye nikiwa chumbani, afanye nikiwa mbali lakini ninafikika, afanye peke yake, au amsimamie mwingine. Mabingwa wa usingizi wanalielewa swali hili papo hapo, maana kila asubuhi ratiba ikitoka wanalijibu kichwani. Mtu aliyeshindwa kunieleza kwa nini alitoa alama 6 kati ya 10 alinieleza bila kigugumizi kwa nini asingemwacha daktari fulani peke yake na mtoto mchanga: hapigi simu mapema. Hilo la kupiga simu tuliliongeza kwenye fomu kama mstari wake. Anayejua mpaka wa uwezo wake, na anayekuita akiwa bado na dhana mbili na si akiwa tayari na janga, amekuonyesha anafikiri.

La kuwaambia walioshindwa ndilo lililonikosesha usingizi kuliko takwimu zote. Daktari aliyefika ubingwani amekuwa wa kwanza darasani tangu utotoni. Kumwambia hajui kufikiri ni kumvunja, na isitoshe si kweli. Usimwambie hivyo. Mwambie kesi na mahali: katika kesi tatu kati ya hizi za kifua ulishika dhana ya kwanza na hukuipima tena baada ya tiba kushindwa; katika za mgongo hatukuona tatizo hilo. Kwa kuwa umahiri unakwenda na kesi, tiba yake nayo inakwenda na kesi. Tunampangia wiki kadhaa kwenye orodha zenye wagonjwa wa aina hiyo, na mwalimu mmoja asiyekuwa kwenye kamati, wa kumuuliza maswali matatu yale yale kila jioni. Mmoja wetu alitaka arudie mtihani baada ya wiki mbili. Nilikataa. Wiki mbili zinatosha kukariri maswali, hazitoshi kukutana na wagonjwa.

Kwa anayeanza leo na ana muda mchache, asiunde chombo chote. Achague kazi tano au sita ambazo idara yake inaziogopa zaidi, aandike kesi fupi mbili au tatu kwa kila moja, awakusanye mabingwa wachache wabishane majibu kwa jioni moja, na awafundishe walimu wake lile swali la kuacha dhana. Sanamu na kamati vinaweza kufuata. Na kila mwongozo mpya wa tiba unapotoka, kesi zinazouhusu zirudi kwa jopo kabla hazijarudi kwa wanafunzi. Ile ya ganzi ya uti wa mgongo tumeiandika upya, safari hii kimo cha ganzi kimetajwa, na sasa iko kwa jopo ikisubiri majibu ya wawili ambao bado sijawakuta kwenye chumba cha kubadilishia nguo.